Mashine ya kusaga imegoma tangu kifuku: kabla hamjanunua pampu

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama, tuko kijiji kimoja upande wa Mpwapwa. Mashine yetu ya kusaga inaendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya kulala, ya kupiga hendeli. Tuliizima mwezi wa kwanza tulipoingia shambani, na wakati huo ilikuwa inawaka hendeli ya kwanza. Tumerudi kuiwasha mwezi huu wa sita, leo ni siku ya nne haiwaki. Hendeli inazunguka, tena nyepesi kuliko zamani. Unatoka moshi mweupe kidogo, lakini hailii hata mara moja. Siku ya kwanza yalitoka maji yenye kutu kwenye bomba la moshi. Fundi wa kwanza alifungua pampu ya dizeli, akairudisha, akasema imekufa tununue mpya. Wa pili anasema ni ringi. Tuna fedha ya kitu kimoja tu. Tuanze na kipi?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na poleni sana. Najua mashine ikisimama kijijini maana yake nini. Debe la mtama linapanda kichwani au nyuma ya baiskeli kwenda kijiji cha pili, na mama aliyetoka alfajiri anarudi jua likiwa utosini. Ndiyo maana sitaki fedha yenu ya kitu kimoja iishie kwenye kitu ambacho hakijafa. Msinunue pampu, wala msinunue ringi, zile pete za chuma zinazoziba hewa kando ya pistoni. Fungueni kwanza kava ya valvu, yaani kifuniko cha ile milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi, kazi ya spana na nusu saa. Sababu zangu nimezipata humo humo kwenye maneno yako.

Umeandika maneno matatu ambayo kwangu yana uzito kuliko kauli za mafundi wote wawili: nyepesi, mweupe, kutu.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Moto wake unatoka kwenye hewa. Pistoni inaibana hewa iliyojaa silinda mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi na nane ya ilivyokuwa, na hewa ikibanwa ghafla kiasi hicho inapata joto la kama nyuzi 500. Hapo nozeli inapuliza dizeli kwa ukungu mwembamba, ukungu unakutana na hewa ile ya moto na unawaka wenyewe. Ndivyo ilivyofanya kazi injini ya Rudolf Diesel iliyopimwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na ndivyo inavyofanya kazi yenu leo. Kwa hiyo injini ya hendeli isiyo na betri wala waya inadai hewa iliyobanwa vizuri, dizeli iliyopulizwa vizuri, na vyote viwili vikutane kwa wakati wake. Haidai kingine.

Sasa tazama moshi wenu. Moshi mweupe wakati wa kupiga hendeli mara nyingi ni dizeli iliyopulizwa ikakosa joto la kuiwasha, ikatoka nje kama ukungu. Pampu ingekuwa imekufa kabisa msingeona moshi wowote, kwa sababu hakuna kitu kingefika ndani. Ila kwa kuwa kwenu yaliingia maji, hakikisheni kwanza kwamba huo si mvuke. Mtu mmoja apige hendeli, mwingine aweke kipande cha kioo au sahani ya bati karibu na mdomo wa bomba la moshi. Ukungu wa dizeli unanuka, unawasha macho, na unaacha mafuta yanayoteleza kwenye kidole. Mvuke unaacha maji tu. Mkiona mafuta, pampu na nozeli zinafanya kazi, hata kama si kwa uzuri wote.

Halafu hendeli nyepesi. Hili ndilo lililonishtua. Injini nzima ya ukubwa huo, mtu mwenye nguvu zake hawezi kuisukuma polepole ikapita kilele cha kompresheni, ndiyo maana ikawekewa dikompresa, kile kishikio cha juu ya hedi (kichwa cha injini) mnachokibana huku mkizungusha. Mkikiachia, hendeli inatakiwa igonge ukuta. Kwenu inaendelea kuzunguka kama inasaga hewa. Mafundi wa mitaani wana neno lao zuri kwa hali hiyo: injini haina upepo. Na kama haina upepo, pampu mpya itapuliza dizeli nzuri kwenye hewa ya baridi, mtapata moshi mweupe mwingi zaidi, na fedha itakuwa imekwenda.

Kutu ndiyo inayonieleza upepo ulikopotelea.

Ufundi niliujifunza Pangani, kwenye injini za majahazi na mashua, kabla sijahamia huku Dodoma. Kule ugonjwa huu ni wa kila siku. Chombo kikifungwa gatini miezi miwili, maji ya bahari yanapanda kwa bomba la moshi pale wimbi linapopiga, yanakaa juu ya valvu, yanaingia mpaka kwenye silinda. Nahodha anakuja kuwasha, injini imegoma, na kila anayepita anataja pampu. Nilipofika bara nilidhani nimeachana na maji ya kwenye bomba la moshi. Kumbe hapa yanatoka juu. Dodoma kwa wastani inapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, si nyingi, lakini karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, miezi ile ile mliyokuwa shambani. Bomba la upana wa sentimita 5 lililosimama wima bila kifuniko, likipokea mvua hiyo yote, linaingiza zaidi ya lita moja ya maji. Mengine yanakauka, mengine yanabaki. Sehemu ndogo tu ya hayo ikikaa juu ya valvu ya moshi inatosha kushika kutu mguu wa valvu ndani ya tundu lake, na valvu iliyoshikwa na kutu ikishafunguka hairudi kufunga.

Ringi hazichakai zikiwa zimelala. Injini iliyokuwa inawaka hendeli ya kwanza mwezi wa kwanza haiwezi kumaliza ringi mwezi wa sita bila kufanya kazi. Zinaweza kunata kwa kutu, hilo linawezekana na nitalifikia, lakini si la kuanza nalo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Leo acheni kupiga hendeli. Valvu ikiwa imekwama wazi, kila mnapozungusha kwa nguvu pistoni inaweza kuigonga na kuipinda, na kitu cha kusafisha kikageuka kitu cha kununua. Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, au rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa, maji yamefika chini kwenye krenki. Imwageni yote sasa, kwa sababu oili yenye maji hailainishi beringi, na injini inaweza kuwaka leo ikajiua kesho. Kisha toeni mkanda unaokwenda kwenye mashine ya kusagia. Ndani ya kinu nako unga uliobaki tangu Januari unaweza kuwa umeganda, na hakuna haja ya kuwasha injini huku imebeba mzigo.

Nitasema jambo hapa kwa sababu ninawaandikia akina mama. Anayesogelea flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni mwa injini, na mkanda asivae khanga wala mtandio unaoning'inia. Ajifunge vizuri, au avae suruali au koti la kazi. Mkanda hauachii nguo ukishaikamata.

Sasa kipimo cha kompresheni, ambacho hakihitaji kifaa. Dikompresa iacheni bila kuigusa. Mmoja ashike flaiwili kwa mikono miwili na kuizungusha polepole kwa upande inaozunguka siku zote. Kizuizi kinatakiwa kuja mara moja katika kila mizunguko miwili, na kiwe kama springi: ukisukuma, kinakurudisha nyuma. Mwingine asikilize. Ikisikika hewa inatoka kwenye bomba la moshi, ni valvu ya moshi. Ikisikika kwenye chujio la hewa, ni valvu ya kuingiza hewa. Ikitokea kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au silinda. Maji ya kupozea injini kwenye tangi la juu yakitoa mapovu, gasketi ya hedi, yaani kizibo cha kati ya hedi na mwili wa injini, imepasuka. Valvu iliyofunga vibaya inapiga mluzi, lakini iliyobaki wazi kabisa haitoi sauti. Hapo wekeni kiganja kwenye mdomo wa bomba, mtahisi pumzi yake.

Kipimo hiki ndicho ninachowaomba mkione kwa macho yenu kabla ya fundi yeyote kuwatajia bei. Kinachukua dakika kumi na kinawapa jibu ambalo mtu hawezi kubishana nalo.

Baada ya hapo fungueni kava ya valvu. Mtaona roka mbili, kila moja imekalia kichwa cha valvu upande mmoja na fimbo ya kuisukuma upande wa pili. Kwanza tazameni dikompresa yenyewe. Kuna injini nilizokuta imenata kwa kutu, inaendelea kuikandamiza valvu hata ukiiachia, na tatizo zima likaisha kwa matone ya oili na kuichezesha kwa mkono. Kama hiyo ni nzima, zungusheni flaiwili polepole mkitazama roka ya upande wa kuingiza hewa. Ikikandamiza valvu kisha ikaiachia, endeleeni kama nusu mzunguko mpaka alama ya kwenye flaiwili ilingane na alama ya kwenye mwili wa injini. Hapo pistoni iko juu, na valvu zote mbili zinatakiwa ziwe zimefunga. Shikeni kila roka, mwitikise. Roka nzima inacheza kidogo sana. Kwa injini nyingi za aina hii nafasi ni milimita 0.35 upande wa hewa na 0.45 upande wa moshi, injini ikiwa ya baridi, lakini kitabu au kibati cha injini yenu ndicho cha kufuatwa.

Roka ikilegea kama jino bovu, valvu yake haikupanda. Hiyo ndiyo ninayoitarajia upande wa moshi. Ikiwa roka haichezi hata kidogo, inaikandamiza valvu isifunge, na dawa ni kuseti tapeti, yaani kulegeza nati ya kurekebisha nafasi ya roka mpaka nafasi ipatikane. Na msisahau zile fimbo. Siku nne za kupiga hendeli na valvu iliyokwama zinaweza kuzipinda. Zichomoeni, zibingirisheni moja moja juu ya kioo au meza iliyonyooka, iliyopinda itaruka-ruka.

Kuikomboa valvu iliyokwama kunataka subira. Zungusheni flaiwili mpaka pistoni ishuke mbali na hedi. Changanyeni dizeli na oili kidogo, mdondoshee mguuni mwa valvu pale inapoingia kwenye tundu lake, muache usiku kucha. Asubuhi igongeni kichwani kwa mpini wa mbao wa nyundo, si chuma, pigo dogo la kuishusha kidogo tu, kisha muone kama springi inaipandisha. Shuka, panda, ongeza mafuta, rudia. Kule Pangani mzee aliyenifundisha alikuwa anakaa na valvu moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hana haraka, na niliona nyingi zikiachia mkononi mwake ambazo kijana angezipiga nyundo zikavunjika. Ikianza kupanda yenyewe kwa kishindo kidogo cha springi, setini tapeti na mrudie kipimo cha flaiwili. Kizuizi kikirudi, mmevuka kazi kubwa bila kununua kitu.

Isipoachia, au ikiachia na bado hewa inavuja, hedi itabidi ishuke. Hiyo ni kazi ya fundi, ila mjue mnamlipia nini. Valvu zinatolewa, miguu na matundu yake yanasafishwa, kisha zinasagwa kwenye viti vyake kwa dawa ya kusagia valvu mpaka ionekane duara moja la kijivu lisilokatika. Mwambieni awaoneshe kipimo: amimine mafuta ya taa kwenye tundu la moshi la hedi, asubiri dakika tano. Yakidondoka kupitia valvu, kazi haijaisha. Gasketi ya hedi iwe mpya, na nati za hedi zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo kwa awamu tatu. Hedi ikiwa chini, angalieni na ukuta wa silinda. Kutu nyepesi inaondoka kwa msasa laini wenye oili. Mkikuta mashimo yanayoshika ukucha, hapo ndipo yule fundi wa ringi atakuwa na haki ya kusikilizwa, kwa sababu silinda na ringi zitahitaji kubadilishwa pamoja.

Mafuta nayo hatuyaachi, kwa sababu pampu ilifunguliwa, na popote palipofunguliwa hewa imeingia. Toeni dizeli ya kwenye tangi, mimineni kwenye chupa ya kioo, iacheni itulie nusu saa. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na mtauona mstari. Dizeli ya miezi mitano, au ya kidumu cha barabarani ambayo hamjui ilikotoka, itieni kwenye kopo la kuoshea vyuma, msiirudishe. Osheni filta au mweke mpya. Tazameni tundu dogo kwenye kifuniko cha tangi: kwenye chumba cha kusagia linazibwa na unga, na tangi lisilovuta hewa halishushi mafuta. Jaribuni kupuliza kwa mdomo, mtajua.

Kutoa hewa ni kufuata mafuta yanakopita. Fungueni bomba la tangi, legezeni nati ya bomba linaloingia kwenye pampu, muache mafuta yatoke mpaka yasiwe na mapovu, mkaze. Kisha legezeni nati ya lile bomba la chuma kwenye nozeli, wekeni mkono wa mafuta, kile kishikio cha kuongeza na kupunguza mafuta, kwenye nafasi ya kuwasha, si ya kuzima (nimekuta watu wakihangaika saa nzima na mkono ukiwa umezima), mzungushe mpaka mafuta yaruke kwa mapigo, mkaze. Mkiendelea kuzungusha, nozeli inatakiwa kutoa mlio mfupi mkavu kila inapopuliza. Mlio huo ndio unaoniambia pampu ni hai, kuliko maneno ya mtu.

Lakini msiwahi kuweka kidole wala kiganja mbele ya nozeli iliyotolewa nje. Gurudumu la gari dogo lina upepo wa kama pauni 30. Nozeli inafunguka kwa presha ya zaidi ya mara hamsini ya hiyo. Dizeli inachoma ngozi na kuingia ndani kama sindano, tundu linaonekana dogo, na mkono unaweza kupotea. Ikitokea, ni hospitali saa hiyo hiyo, na mwambieni daktari kwamba ni dizeli iliyoingia kwa presha.

Kuna jambo moja la pampu linalonitia wasiwasi kuliko kuharibika kwake. Pampu za injini hizi zina kichwa kidogo cha duara kinachotakiwa kuingia ndani ya uma wa gavana, yaani kifaa kinachopunguza mafuta injini inapokwenda kasi. Fundi akirudisha pampu haraka, kichwa kinakaa nje ya uma. Injini inawaka vizuri, halafu inapanda kasi, inapanda, na hakuna mkono wa mafuta unaoisikia, mpaka inavunjika. Injini nyingi za aina yenu zina kidirisha karibu na pampu, kifuniko kidogo cha nati mbili. Kifungueni muone kwa tochi kichwa kimeingia kwenye uma, na mkisogeza mkono wa mafuta kinatembea pamoja nao. Msiwashe kabla ya kuona hilo. Na siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame upande wa chujio la hewa na kipande cha ubao tambarare. Kasi ikipanda bila kusimama, chujio litolewe haraka na ubao uzibe mdomo wa hewa mpaka injini izime. Ubao, si kitambaa, maana kitambaa kitamezwa. Asiyeshika ubao akae mbali na flaiwili.

Siku yenyewe wekeni oili mpya, chujio la hewa lioshwe, milango na madirisha yawe wazi kwa sababu moshi wa ndani unaua kimya. Tuko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari huku, hewa ni haba kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na alfajiri ya mwezi wa sita baridi inaweza kushuka mpaka nyuzi 13 au 14. Injini iliyochoka kidogo inaliona hilo. Chemsheni ndoo ya maji. Acheni maji yapoe kidogo yawe ya moto wa kuoga mtu mzima, si ya kutokota, myajaze kwenye tangi la juu la injini na msubiri robo saa chuma kishike joto. Ni mbinu ya zamani na inafanya kazi. Mkono wa mafuta uwe katikati. Dikompresa ibanwe, hendeli izungushwe mpaka flaiwili ishike kasi kweli, kisha dikompresa iachiwe huku hendeli ikiendelea kuzungushwa. Anayepiga hendeli aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asikizungushie hendeli, kwa sababu injini ikirudi nyuma inavunja gumba au kifundo cha mkono.

Atatokea mtu na kitambaa cha petroli cha kuweka kwenye chujio la hewa. Mkatalieni kwa heshima. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Ndipo ringi zinapovunjika na hendeli inapompiga mtu kifuani. Kama upepo ni mdogo kidogo tu, kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia njia ya hewa kinaziba ringi kwa muda na kinasaidia kuwaka. Kijiko kimoja, si kikombe, kwa sababu oili haibanwi, na nyingi ikijaa juu ya pistoni itapinda chuma.

Ikiwaka, moshi mweupe utatoka dakika chache maji yanapokauka, msiogope. Iacheni kasi ya chini bila mkanda kwa dakika kumi na tano, izimeni, mtazame tena rangi ya oili. Imwageni baada ya saa chache za kazi hata kama inaonekana safi, maana maji yaliyojificha yatakuwa yametoka nayo. Moshi wa bluu usiokwisha baada ya siku mbili tatu ndio utakaotufanya tuzungumze habari ya ringi, na wakati huo mashine itakuwa inaingiza fedha ya kuzinunua.

Kabla ya kifuku kijacho, pindeni mdomo wa bomba la moshi uangalie chini, au funikeni kwa kopo la bati lenye bawaba linaloinuka kwa moshi na kujifunga lenyewe. Mkiizima kwa muda mrefu, zungusheni flaiwili mpaka mkutane na kizuizi cha kompresheni na muiache hapo hapo, valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Na mtu mmoja wa kikundi apewe kazi ya kuiwasha kila baada ya wiki mbili, hata kama hakuna wa kusaga, ingurume mpaka maji ya tangi yapate moto.

Mkishafungua kava, niandikie mambo matatu: roka ipi ilikuwa inalegea, hewa mliisikia ikitokea wapi, na oili ilikuwa na rangi gani. Kwa hayo nitakuambia kama kuna haja ya kushusha hedi, na kama ipo, vipuri gani vya kumtuma mtu avinunue mjini ili asirudi mara mbili.